Tupeane uzoefu: kusafiri nje ya nchi na dawa za kila siku

Mwanzisha mada, Dar es Salaam
Salaam, ndugu zangu. Nimerejea juzi kutoka Maskati, nilikompeleka mama kumwona dada yangu. Mama anatumia dawa za presha na za kisukari, na kama ilivyo desturi yetu, vidonge vyake vilikuwa katika vibahasha vya duka la dawa vilivyoandikwa kwa kalamu "1×1" na "1×2", pasipo jina la dawa wala la mgonjwa. Ofisa wa ukaguzi uwanja wa ndege alipovimwaga mezani na kuuliza kila kimoja ni cha nini, mama alimjibu kwa rangi: hiki cheupe cha presha, kile kikubwa cha sukari. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, hadi mdogo wangu aliyebaki nyumbani alipotuma kwa simu picha ya kadi ya kliniki ya mama. Sikumlaumu ofisa, kwani hata mimi nisingeweza kuvitofautisha. Wenzangu, ninyi yamewakuta yapi?

Mchangiaji, Mombasa
Mpe pole Bi. Mkubwa. Mimi nilipokuwa nikienda Dubai nilikuwa na tramadol, dawa kali ya maumivu, niliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya mgongo, nikaamini kwamba cheti chake kinatosha. Jamaa yangu aliyeko huko ndiye aliyenishtua: katika Falme za Kiarabu tramadol na kodeini, nayo ya maumivu, ni dawa zinazodhibitiwa, na msafiri huomba kibali cha serikali kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege. Niliomba nikapata. Mwenye mtoto wa kifafa naye aangalie, kwa maana phenobarbitone, ambayo kwetu ni dawa ya kawaida kabisa ya kliniki, imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili.

Mchangiaji, Arusha
Letu lilikuwa la insulini. Tulipompeleka baba India kwa matibabu, nilijiona mwerevu kwa kuzitia chupa zake ndani ya chupa ya chai pamoja na vipande vya barafu. Tulipofika, mbili zilikuwa zimeganda, na insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Kumbe ile ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 tu, na aina nyingi zikishaanza kutumika hukaa nje ya jokofu takriban siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 30. Siku hizi naifunga kwa taulo isigusane na barafu, nami huibeba mkononi, siiweki kamwe katika sanduku linaloshushwa chini ya ndege.

Mchangiaji, Minneapolis
Nina pumu. Daktari wa hapa aliponiandikia albuterol nilikataa, nikidhani amenibadilishia dawa, kumbe ndilo jina la Kimarekani la salbutamol ileile.

Mchangiaji asiyetaka kutaja aliko
Natumia ARV. Safari yangu ya kwanza nilibandua lebo zote na kujaza pamba kwenye kopo ili vidonge visilie, nisijulikane. Kwa sababu ya kubandua huko, nilipokaguliwa nililazimika kutamka jina la dawa mbele ya foleni nzima. Safari iliyofuata niliacha lebo mahali pake na kumwomba daktari barua inayotaja majina ya dawa na dozi pasipo kutaja ugonjwa. Niliombwa barua hiyo mara moja tu. Aliyeisoma aliikunja, akanirudishia, akamwita aliyefuata.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Leo nimekwenda duka la dawa kuomba vidonge vya mama katika boksi lake, nikaulizwa kwa nini vidonge kumi na vinne vitake boksi. Nimelinunua zima.