Springi na mafuta ya shokapu: pikapu la rimoti linagonga tumbo baada ya kubadili betri (Dodoma)

Zabibu_Kavu
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa shokapu za pikapu la rimoti la 1/10, linalovuta kwa matairi ya nyuma. Lilikuwa kilo 2.2 na betri ya seli 2. Sasa lina betri ya seli 3 na bamba la alumini chini ya chesisi, limefika kilo 2.6. Linakimbizwa viwanja vya huku Iyumbu: udongo mwekundu uliokauka kama sakafu, juu yake mchanga mwembamba, na kipande cha barabara chenye mawimbi kama bati la kuezekea. Kuna na tuta la kurukia, kimo sentimita 40.

Shida zake: likitua linapiga tumbo. Likipita kwenye yale mawimbi, nyuma inarukaruka na kuhama njia. Halafu shokapu ya nyuma kushoto inalowa mafuta kwenye shafti. Kitabu chake kimeandika SAE 30W, na kuna mtu kaniambia nichukue SAE 40 duka la vipuri vya bodaboda nijaze. Springi nazo mtandaoni naona zina rangi kumi. Nianze na springi au mafuta?

FundiVumbi
Mkuu, hayo mafuta ya bodaboda yaache hapo hapo dukani. Oringi za shokapu hizi (pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke kwenye shafti) nyingi ni za silikoni, na mafuta ya injini huzivimbisha. Zikivimba zinabana shafti, shokapu inakuwa nzito kurudi, kisha oringi zinalainika na kukatika. Shokapu moja inayovuja utakuwa umeigeuza nne.

Pia hiyo 40 siyo 40 unayoitafuta. SAE 40 ya injini hupimwa mafuta yakiwa nyuzi joto 100, na hapo yanatakiwa yawe kati ya 12.5 na 16.3 cSt (sentistoki, kipimo cha mnato, yaani mafuta ni mazito kiasi gani kutiririka). Mafuta ya silikoni ya shokapu hupimwa yakiwa nyuzi 25, na yale ya "30" yana kama 350 cSt. Ni vipimo viwili tofauti vinavyotumia namba zinazofanana. Traxxas, watengenezaji wa magari ya rimoti, huandika SAE 30W kwenye vitabu vyao, lakini papo hapo wanasisitiza iwe silikoni tupu.

Ukiagiza, soma cSt, usisome namba ya uzito kama 30 au 40. 35 ya kampuni moja si lazima ilingane na 35 ya nyingine, cSt ndiyo haidanganyi. Kwa kukariri: 30 ni kama 350, 35 ni kama 425, 40 ni kama 500. Silikoni ya kulainisha mashine za mazoezi za kukimbilia nayo inafaa, ila iwe silikoni asilimia 100 na cSt imeandikwa kwenye chupa. Kama haijaandikwa, achana nayo.

Mizani_Kwanza
Anza na springi. Springi ndiyo inayobeba gari, mafuta kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza. Ukimwaga mafuta mazito kuziba udhaifu wa springi, gari litakaa chini vile vile, tofauti ni kwamba litachelewa kuinuka.

Rangi usizifuate, kila kampuni ina zake. Pima mwenyewe. Chukua mzani wa jikoni, simamisha springi juu yake, weka rula pembeni. Ikandamize kwa kipande cha ubao ishuke milimita 10 kamili, soma gramu. Gawanya kwa 10 upate gramu kwa kila milimita. Ukitaka pauni kwa inchi, kama zinavyoandikwa springi nyingi za Marekani, gawanya tena kwa 17.9. Rudia mara tatu, maana springi ikipinda kidogo pembeni mzani unakudanganya.

Tuletee namba za mbele na nyuma. Tuambie pia gari likiwa limesimama na betri ndani, ukilikandamiza na kuliachia, mikono ya chini (ile inayounganisha matairi na chesisi) inakaa usawa na ardhi au imeinama kuelekea kwenye chesisi?

Zabibu_Kavu
Nimepima. Nyuma: gramu 480 kwa milimita 10. Mbele: 520. Mikono ya mbele iko karibu usawa, ya nyuma imezama, chesisi iko chini kuliko ncha za mikono. Springi ya nyuma ina mizunguko 8 inayofanya kazi, ukiacha ile miwili ya mwisho iliyolala.

Mizani_Kwanza
Hapo tuna pa kushika. Springi yako ya nyuma ni gramu 48 kwa milimita, yaani pauni 2.7 kwa inchi. Uzito umepanda kutoka 2.2 hadi 2.6, ongezeko la asilimia 18. Ili gari lizame kiasi kile kile cha mwanzo, ugumu upande hivyo hivyo: 48 mara 1.18 ni kama 57. Tafuta springi ya pauni 3.1 hadi 3.3 kwa inchi. Usikimbilie 4. Gari la kuvuta nyuma juu ya mchanga unaoteleza, ukiligumisha nyuma kupita kiasi, matairi yanapoteza mshiko na utakuwa unazunguka kila kona.

Vile vipande vya plastiki vya kuweka juu ya springi havigumishi springi, vinainua gari tu. Wengi hapo ndipo wanapotea: wanarundika vipande vitatu, gari linasimama juu, likitua bado linagonga.

Kama springi mpya zitachelewa, zipo njia za mafundi. Kata mzunguko mmoja. Mizunguko ikipungua springi inagumu: 48 mara 8 gawa kwa 7 ni kama 55, umekaribia kabisa. Kata kwa jiwe la kukatia au tupa, halafu sugua ncha ilale bapa. Usiipashe moto ili kuilaza, chuma cha springi kikiiva kinakuwa laini na springi inabaki imefinyaa. Urefu uliopotea ndio sasa unaufidia kwa kipande cha plastiki. Kata zote mbili za nyuma sawasawa, na uzipime tena.

Mafuta sasa. Springi imepanda 18, uzito umepanda 18, basi mafuta nayo yanapanda karibu 18: 350 inakwenda 413. Chukua 425. Ukikosa, changanya nusu kwa nusu ya 350 na 500 za kampuni moja, utapata kama 420. Tumia bomba la sindano la duka la dawa, ml 20 kwa ml 20, yatosha shokapu zote nne.

Kilimani_RC
Naungana na Mizani kwenye springi, ila kwenye mafuta naomba tuangalie hali ya hewa ya hapa kwetu. Silikoni ikitoka nyuzi 25 kwenda 40 inapoteza kama robo ya mnato wake. Oktoba saa nane mchana, juani, shokapu kufika 40 ni jambo la kawaida. Hiyo 425 itakuwa inafanya kazi kama 320. Mtu anayekimbiza mchana wa Oktoba na Novemba aweke 500. Asubuhi ya Juni na Julai, kukiwa na ule ubaridi wetu, 400 hadi 425 inatosha.

Jambo la pili ni yale mawimbi. Kurukaruka kuna sababu mbili zinazopingana, na ukikosea utaongeza tatizo. Mpe mtu simu arekodi video ya mwendo wa polepole kwa pembeni, gari likipita. Angalia tairi la nyuma. Likiendelea kupanda na kushuka baada ya wimbi kuisha, mafuta ni mepesi. Lakini ukiona tairi halishuki kujaza bonde kati ya wimbi na wimbi, na nyuma inazidi kuzama kadiri linavyoendelea, mafuta ni mazito au matundu ya pistoni (kile kisahani cha ndani ya shokapu ambacho mafuta hupita) ni madogo. Kwenye mapigo ya haraka mafuta hayawahi kupita kwenye matundu, shokapu inageuka fimbo.

Ukikuta ni hiyo ya pili, usipunguze mafuta moja kwa moja, kwa sababu bado unataka gari litulie kwenye kona. Panua njia: kama pistoni ina matundu mawili, jaribu ya matatu ukiwa na mafuta yale yale 500. Kwenye mapigo madogo ya haraka shokapu itapumua, ila kwenye tuta angalia lisianze tena kugonga tumbo likitua.

FundiVumbi
Kilimani umenena, video inamaliza ubishi. Mimi nadhani kwake ni mafuta mepesi, maana kushoto yanavuja na upande ukiwa na hewa ndani hauzuii kitu. Kabla ya kuhukumu springi yoyote, shokapu zote nne zijazwe upya.

Kujaza: futa vumbi lote nje kwanza kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa kikavu. Vumbi hili jekundu ni kama msasa, chembe moja ikiingia inasaga oringi. Mwaga mafuta ya zamani. Yakiwa ya kijivu, pistoni inalika. Oringi mpya zipake grisi ya silikoni kabla ya kupitisha shafti, na funika nyuzi za shafti kwa mkanda wa plastiki zisikate oringi. Vuta shafti chini kabisa, jaza hadi karibu na ukingo, kisha sukuma na kuvuta polepole. Utaona mapovu madogo yanapanda kutoka chini ya pistoni kama soda. Isimamishe dakika 10 hadi 15, yatoke yenyewe. Ongeza mafuta hadi ukingoni, weka kiwambo cha mpira kwa kukilaza upande mmoja ili hewa itoke upande wa pili, funga kifuniko nusu, sukuma shafti juu taratibu mafuta ya ziada yajipenyeze nje, halafu kaza. Kwa mkono tu! Vifuniko vya plastiki hukatika nyuzi kwa koleo.

Sasa linganisha kushoto na kulia bila springi. Sukuma shafti ndani zote mbili, ziachie. Ziinuke kiasi sawa. Moja ikirudi milimita 10 na nyingine 3, fungua tena. Ukisikia kwichikwichi ndani, bado kuna hewa.

Zikirudi kwenye gari, liinue sentimita 15 uliachie lidondoke bapa. Lishuke, lirudi mara moja, litulie. Likidunda mara ya pili ongeza mafuta hatua moja. Likianguka kwa mlio mkavu bila kuzama, punguza.

Zabibu_Kavu
Aisee, asanteni sana wakuu. Video nimeipata: tairi linaendelea kucheza baada ya mawimbi kuisha, na kushoto ndiko zaidi. Naagiza 425 na 500 na springi za pauni 3.2. Mbele niguse?

Mizani_Kwanza
Springi za mbele ziache, mikono iko karibu usawa, weka kipande kimoja cha milimita 2 basi. Mafuta ya mbele badilisha yawe sawa na ya nyuma. Ukianza kuona nyuma inateleza kwenye kona baada ya springi mpya, usizilaumu kwanza: sogeza mguu wa juu wa shokapu za nyuma tundu moja kuelekea katikati ya gari. Shokapu ikilala zaidi, tairi linaihisi springi laini mwanzoni mwa safari yake, mshiko unarudi.

FundiVumbi
Ile ya kushoto, kabla ya oringi mpya, pitisha ukucha kwenye shafti toka juu hadi chini, kisha ivingirishe juu ya kioo cha dirisha uone kama imepinda. Mkwaruzo unaoshika ukucha, badilisha shafti. Oringi mpya juu ya shafti mbovu haidumu hata chaji tatu za betri.