Naomba ushauri: nianzie wapi kuieleza Red House ya Bexleyheath?

Mchora_Ramani: Wakuu, salaam. Ninasoma usanifu majengo, na ninaandaa wasilisho kuhusu Red House, nyumba ambayo msanifu Philip Webb alimchorea rafiki yake William Morris, msanii wa mapambo, mwaka 1859 na ambayo leo imo katika Daraja la I la majengo yanayolindwa kisheria nchini Uingereza. Rasimu yangu inaanza na ndoa ya Morris na Jane Burden, inapitia marafiki waliochora kutani, kisha inaishia familia ilipohama mwaka 1865. Msimamizi wangu ameirudisha, akisema nimesimulia maisha ya watu na jengo halionekani. Nifanyeje?

Mzee wa Site: Msimamizi wako ana haki, mdogo wangu. Anza na ramani: umbo la L, na kwenye kona ya ndani kisima chenye paa lililochongoka. Kisha waonyeshe madirisha, mengine marefu na mengine ya duara, ambayo hayakupangwa kwa ulinganifu wa nje, kwa kuwa Webb alitanguliza vyumba na kila dirisha likakaa pale chumba kilipolihitaji. Matofali mekundu yaliachwa wazi, wakati nyumba nyingi za wenye fedha zilipigwa lipu ili zifanane na mawe. Kasoro nayo itaje: vyumba vikuu vimeelekea kaskazini, na kwa Uingereza huko ni kukosa jua.

Bi Kuta: Naongeza tahadhari moja. Usiseme nyumba hii ilizuka bila asili. Webb na Morris walikutana katika ofisi ya msanifu George Edmund Street, na Street pamoja na msanifu mwenzake William Butterfield walikwisha kujenga nyumba za makasisi za matofali, zenye mapaa ya mwinuko mkali, katika miaka ya 1850. Upya wa Webb, kwa maoni yangu, ni kuupeleka ujenzi huo kwenye makazi ya kijana asiye kasisi.

Mchora_Ramani: Nashukuru sana. Basi mapambo niyaache kabisa?

Bi Kuta: Hapana, yaingize kupitia ujenzi. Kwenye dari, lipu ilitobolewa vitundu ikiwa bado mbichi ili viongoze brashi ya rangi, na vitundu hivyo vinaonekana hadi leo. Kutokana na kazi ya kuipamba nyumba hii, Morris na wenzake walianzisha kampuni yao ya mapambo mwaka 1861. Picha ya dari hiyo iweke mara tu baada ya ramani. Ndoa inatosha sentensi moja.