Msaada: kona moja ya bustani yangu haioti kitu, niweke mbolea gani?

Mama Wawili (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina kibustani nyuma ya nyumba, Chanika, hatua kumi kwa nne hivi. Masika haya nimepanda mchicha, matembele, nyanya na bamia, pembeni mchaichai na mrehani. Kwingine kote kunapendeza, ila kona ya ukutani imenishinda. Nimemwaga mbegu mara tatu. Zikichipua, siku ya nne zinageuka njano, ncha zinaungua, zinalala. Hata magugu hayaoti pale. Samadi nimeweka viroba viwili. Nina haraka, kuna mama ntilie nimeshamwahidi mafungu kuanzia wiki ijayo.

Ngosha wa Matuta
Samadi iliiva? Mbichi inaunguza miche. Halafu masika kuna kinyausi, mche unaoza shingoni unaanguka. Inua tuta maji yasituame, na usimwage mbegu kwa kubanana.

Mzee wa Muheza
Marehemu mama hakujua mbolea ya dukani, ilikuwa jivu la jikoni tu. Alfajiri tunatumwa matembele kabla umande haujakauka, tunarudi nguo zimelowa mpaka magotini. Matembele yale ya nazi sijayaonja tena tangu alipofariki. Binti yangu, jaribu jivu.

Dogo Toroli
Mama ntilie ameshaahidiwa! Yaani mahari imepokelewa na binti hajazaliwa 😄

Kilimo Kibarazani
Magugu yakigoma kuota masika, tatizo si mbolea. Pale palikuwa na nini kabla yako? Ulipochimba ulikuta nini?

Mama Wawili
Palikuwa na kibanda cha mpangaji aliyetangulia. Nilikuta takataka za kawaida, vipande vya plastiki nyeusi, nikaviokota nikatupa.

Kilimo Kibarazani
Plastiki laini ya mfuko, au ngumu, nene, yenye vyumba vyumba ndani? Na huyo mpangaji alikuwa na kazi gani?

Ngosha wa Matuta
Dada, uko wapi? Umeulizwa.

Mama Wawili
Samahani, nilikuwa napika. Alikuwa fundi betri za magari. Anazipasua, maji yake anamwaga pale ukutani, vya ndani anayeyusha. Lakini aliondoka 2022, mvua ngapi zimeshapita? Mbegu nimeshanunua, kijana wa matuta nimeshamlipa, na mchicha tumekula hatujaumwa hata tumbo. Nauosha kwa maji ya chumvi. Naomba mnisaidie kuhusu kona tu.

Kilimo Kibarazani
Dada, kona ndiyo iliyokusaidia kujua. Maji ya betri ni asidi, ndiyo yanayounguza miche. Chokaa ya kilimo inaweza kuituliza asidi. Ila ndani ya betri kuna madini ya risasi, na risasi haiozi wala haiondoki na mvua, inakaa udongo wa juu miaka na miaka. Mche unaweza kuinyonya na ukapendeza vilevile, kwa hiyo huo mchicha mzuri usikupe moyo. Mvua ya masika nayo inarusha tope mpaka kwenye majani ya chini. Chumvi itatoa tope la nje, iliyoingia ndani ya jani haitoki. Mboga za majani na za mizizi ndizo za kuogopa zaidi, nyanya na bamia afadhali kidogo. Na kuku wakiparua hapo, mayai nayo yanapata.

Bint Mvita
Dadangu, niko Mombasa. Ulizia Owino Uhuru, huko Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimepakana na nyumba za watu. Kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Miaka sita baada ya kufungwa, watu bado walikuwa wakidai haki ya watoto wao! Risasi haiumizi tumbo siku hiyohiyo. Inamlemaza mtoto akili polepole, nawe unamwona mzima tu. Wako wana umri gani?

Macho Manne
Hii chai. Mmempa mtu kiti na anawahadithia. Masika ndiyo kwanza yameanza, mchicha ameshaula lini? Subirini, sasa hivi atatokea mtu anauza dawa ya kusafisha udongo.

Dogo Toroli
Kweli, hebu weka picha ya hiyo plastiki.

Mama Wawili
Kaka, mchicha wa kwanza nilipanda Januari kwa maji ya ndoo, siku ishirini na tano nikaanza kuchuma. Huu ni wa pili. Sina cha kuuza. Sikusema mapema kwa sababu mwenye nyumba anajua, na nikihama sasa sina kodi ya kuanzia kwingine. Picha nitaweka kesho, mfuko bado uko jalalani. Mkubwa ana miaka sita. Mdogo mwaka na miezi minne, na akikaa hapo nje anatia udongo mdomoni.

Macho Manne
Nisamehe, dada.

Bint Mvita
Usisubiri kesho ya picha. Asubuhi wapeleke wote wawili hospitali, useme wazi: betri, madini ya risasi, mdogo anakula udongo. Huo udongo wa mdomoni unanitia hofu kuliko mboga.

Kilimo Kibarazani
Na udongo upimwe. Chota sehemu tano sita, kina cha sentimita 15, changanya, ujaze mfuko wa kilo moja. Ulizia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au maabara ya udongo ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mboga panda kwenye ndoo na viroba kwa udongo wa mbali. Hapo chini funika, watoto wasichezee. Ulichong'oa usimpe mwenye mbuzi, na usichome moto.

Mama Wawili
Mama ntilie nimempigia, amenielewa. Tuta la mbele nimeng'oa lote, liko kwenye viroba. La nyuma bado, giza limeingia na mvua imeanza.