Kitinda Mimba Yuko Kimya

Mama: Jamani, nani kaongea na kitinda mimba wiki hii? Ujumbe wangu kausoma, hajibu.

Baba Mdogo: Shemeji, mwache akomae. Mwaka wa kwanza wa chuo ni mgumu kwa kila mtu. Mvumilivu hula mbivu.

Shangazi: Kaka, hapana. Juzi kaniambia anaamka saa tisa usiku, usingizi haurudi, kisha vipindi vya asubuhi vinampita. Na mpira kaacha.

Mama: Mpira?? Yule mtoto? Tangu lini, wifi?

Shangazi: Yapata wiki tatu.

Dada: Basi huo si ugeni tu. Mgeni hulia leo, kesho akapata rafiki akacheka. Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na alichokipenda hakimvuti tena, hapo tunawaza sonona. Kazini tuna dodoso la maswali 9, PHQ-9. Alama zikifika 10 tunakaa na mtu tumsikilize vizuri.

Baba Mdogo: Lakini alifaulu vizuri sana. Sonona imetoka wapi?

Dada: Kufaulu hakumkingi mtu, Baba Mdogo. Shuleni alikuwa wa kwanza; huko kakutana na wa kwanza watupu. Utafiti wa mwaka 2018 uliwahoji wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000, vyuo 19, nchi 8. Takriban theluthi moja walionyesha dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili.

Baba Mdogo: Theluthi nzima

Baba Mdogo: Mimi nilimwambia ajikaze, aache kulialia.

Shangazi: Anajikaza tangu siku hiyo, kaka. Ndiyo maana hasemi.

Mama: Nimuulize kama anawaza kujidhuru? Naogopa nisije nikampa wazo.

Dada: Muulize waziwazi, Mama. Swali halipandi wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na mimi niamsheni saa yoyote.

Kitinda mimba: Nimesoma zote.

Kitinda mimba: Siwazi kujidhuru, Mama. Nimechoka tu, kila kitu kizito. Mlijinyima ili nifike huku, nikaona aibu kusema siwezi.

Baba Mdogo: Mwanangu, yale maneno yangu nayafuta. Nisamehe.

Dada: Mshauri nasaha wa chuo yupo kesho? Nitakuwa kwenye simu muda wote ukiwa naye.

Kitinda mimba: Yupo saa nne. Sawa, Dada.

Mama: Nakupigia sasa hivi. Pokea, hata kama hutaki kuongea.