Mjadala: Vikundi vya maziwa Lindi na Mtwara vitumie mbegu za dume mmoja bingwa?

Mleta mada, Nachingwea
Wadau, vikundi vya ng'ombe wa maziwa vikichangishana fedha za mbegu, je, vinunue za dume mmoja aliyethibitika, au vichanganye madume? Mimi niko upande wa dume mmoja, na ushahidi nautoa kwa farasi wa mbio, kwa kuwa ukoo wao umeandikwa vitabuni tangu 1791. Northern Dancer, mzaliwa wa Kanada wa 1961, alikimbia mara 18 akashinda 14, na hakuwahi kutoka nje ya tatu bora. Mwaka 1964 alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, kwa dakika 2 kamili. Alikuwa mfupi, hata akiwa mdogo hakupata mnunuzi kwa dola 25,000. Tazameni sasa uzao wake: mwanawe Nijinsky alishinda mbio tatu kuu za Uingereza (Triple Crown) 1970, mwanawe mwingine Sadler's Wells aliongoza madume wazalishaji wa Uingereza na Ireland, kwa ushindi wa watoto wake, mara 14, na Galileo, mwana wa Sadler's Wells, mara 12. Sisi tunaogopa nini?

Mhimilishaji, Lindi
Mkuu, umeleta mfano unaokubeba. Mlete na Secretariat, farasi wa mbio wa Marekani. Mbio za Belmont za 1973 alizishinda kwa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24. Alizaa watoto zaidi ya 600, lakini hakuna mwanawe wa kiume aliyekuja kuwa mzalishaji mkubwa. Ubora wake ulipitia kwa mabinti: madume wazalishaji maarufu A.P. Indy, Storm Cat na Gone West, wote mama zao ni binti wa Secretariat.

Kwetu hilo ni kubwa, kwa sababu dume hatoi maziwa. Msinunue mbegu kwa kupenda umbo lake kwenye picha. Daini rekodi za binti zake: lita, mafuta, kiwele, na wepesi wa kuzaa. Mtamba mdogo wa chotara akipandishwa mbegu ya dume mwenye ndama wakubwa, ndama anakwama na mnaweza kupoteza wote wawili.

Mdau, Masasi
Mbona Frankel, farasi mwana wa Galileo, alikimbia mara 14 akashinda zote, na Northern Dancer yumo kwa baba yake na kwa mama yake? Damu ya ndugu haikumdhuru.

Mhimilishaji, Lindi
Ndugu, piga hesabu. Kwa Frankel, Northern Dancer yuko kizazi cha 3 upande wa baba na cha 4 upande wa mama. Kwa njia hiyo moja, uzao wa ndugu (kiwango cha damu ya ndugu anachorithi ndama au mtoto) ni 1 kwa 64, yaani kama asilimia 1.6. Kikundi kikirudia mbegu zilezile kwa mitamba waliozaliwa na dume huyo, ndama anafika asilimia 25. Wakipandana ndugu wa baba mmoja ni 12.5. Hapo ndipo mnaanza kuona mimba zinazopotea, ndama dhaifu na maziwa yanayoshuka.

Tena farasi hao wana breki ambayo ng'ombe hawana. Sheria yao inakataa uhimilishaji (kupandikiza mbegu kwa mkono), dume lazima ampande jike mwenyewe. Mbegu za fahali zinazokamuliwa mara moja hujaza mirija mamia, kila mrija wa kupandisha mara moja. Mkoa mzima unaweza kuwa ukoo mmoja kabla hamjashtuka.

Mfugaji, Liwale
Mnasahau umbali. Naitrojeni ya maji inayoweka mbegu zikiwa zimeganda inapungua kila siku kwenye mtungi, ipimwe kwa kijiti. Kikapu cha mirija kikikaa juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde 10, mbegu zinaharibika na mrija hautaonyesha dalili yoyote. Mrija uyeyushwe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, ufutwe ukauke kabisa, maana tone la maji linaua mbegu. Ng'ombe aliyeonekana na joto (dalili za kutaka dume) asubuhi apandishwe jioni. Wa jioni, kesho asubuhi. Mkikosea hapa, ubingwa wa dume haumsaidii mtu. Na penye ndorobo, nzi waenezao ugonjwa wa nagana, damu nyingi ya kigeni ni hasara, bora chotara.

Mleta mada, Nachingwea
Hoja ya asilimia 25 naipokea. Lakini mkichanganya madume bila kumbukumbu, hamtajua nani kazaa nini. Bado nataka dume mmoja, ila kwa awamu: miaka miwili, kisha abadilishwe, kwa sababu binti wa kwanza huzaliwa baada ya miezi 9 na huwa tayari kupandishwa akiwa na miezi 15 hivi.

Mhimilishaji, Lindi
Awamu nakubali, dume mmoja nakataa. Vikundi vinauziana mitamba: anayetoka Nachingwea leo, kesho yuko Ruangwa, na huko akikuta mbegu za baba yake, awamu imekuwa kazi bure. Anzeni na madume watatu wasio na undugu, kila kikundi na wake, kisha wazungushwe. Namba ya dume iandikwe kutoka kwenye mrija hadi kwenye kadi ya ng'ombe, na ndama avishwe hereni ya namba sikioni kabla hajauzwa. Mtamba asiye na kadi asipandishwe mpaka baba yake ajulikane.

Mfugaji, Liwale
Kadi ikipotea njiani?

Mhimilishaji, Lindi
Nakala ibaki kwa afisa mifugo wa kata. Hereni bila daftari la kata haimtambulishi baba.