Shambulio, uvamizi, hujuma au kushtukiza: neno lipi linabeba pigo la ghafla na zito?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa kijarida kifupi cha Kiswahili kwa ajili ya klabu ya historia ya shule yetu hapa Tabora, nacho kina visa vitatu vilivyonikwamisha kwenye neno moja. Cha kwanza ni cha boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambalo Wajerumani walilijaribu mwaka 1892 wakashindwa, hadi Januari 1893 Tom von Prince alipoliingia na Isike akawasha baruti kuliko kukamatwa. Cha pili ni cha ndege za Wabelgiji zilizovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1916 na kuangusha mabomu Kigoma, zikiitafuta meli ya Götzen, ambayo leo tunaijua kwa jina la Liemba. Cha tatu ni cha mabomu ya Wajerumani juu ya London kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, ambayo Waingereza waliyaita Blitz, neno la Kijerumani lenye maana ya radi.

Nimeandika "shambulio" mahali pote, na kila nikisoma naona sentensi zote tatu zina ladha moja, kama uji usiotiwa chumvi. Ninataka neno linalobeba ughafla na ukali kwa pamoja. Nimeshaweka mezani shambulio, uvamizi, hujuma na kushtukiza. Ninyi mngechagua lipi, na kwa sababu gani?

Karani Mstaafu (Isevya, Tabora)

Mwalimu, nimeandika kumbukumbu za mahakama kwa miaka mingi, na huko shambulio ni neno lenye mipaka yake. Lipo shambulio la kawaida, lipo la kudhuru mwili, lipo la aibu, na katika yote hayo hakuna anayeuliza kama lilikuja ghafla au kama mshtakiwa alikuwa ametangaza tangu asubuhi kwamba jioni atampiga jirani yake. Aliyepigwa ngumi moja na aliyepigwa ishirini wote huandikiwa shambulio, kwa umoja. Ukosefu wa ladha unaoulalamikia si kosa lako, kwa kuwa neno lenyewe halina ughafla ndani yake wala halina kipimo cha ukali.

Ndiyo maana watangazaji wa mpira hulazimika kuliongezea. Wakitaka ukali husema timu "inafanya mashambulizi mfululizo", na wakitaka ughafla husema "shambulizi la kushtukiza", pale mpira unaponyang'anywa katikati ya uwanja na kupelekwa mbele kabla mabeki hawajarudi. Umoja na wingi navyo vinafanya kazi hapa: wingi wa "mashambulizi" peke yake unatosha kumwambia msikilizaji kwamba jambo lilikuwa zito.

Mrina Asali (Sikonge)

Shikamoo Mzee Karani. Mimi si mtu wa vitabu, lakini sisi wa mizinga tuna tofauti ambayo hatuichanganyi. Nyuki akichokozwa hushambulia: hutoka, huuma, hukufukuza mpaka ukome mwenyewe, kisha hurudi kwake. Siafu huvamia mzinga: huingia, hukaa, hula masega na watoto wa nyuki, na asubuhi unakuta mzinga ni wao au ni gome tupu linaloning'inia mtini. Mtu akiniambia "siafu wameushambulia mzinga" ninamwelewa, ila ninajua hajalala porini.

Mabwana shamba wetu husema "wadudu wanashambulia mazao" kwa kila mdudu, awe wa mahindi au wa tumbaku. Lakini yule kiwavi aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 walimwita kiwavijeshi vamizi, kwa kuwa alitoka Amerika akaja kukaa. Kwa kipimo hicho boma la Isike lilivamiwa, maana Wajerumani waliingia na kubaki. Ndege za Kigoma zilishambulia, maana zilirudi zilikotoka. London haikuvamiwa hata siku moja, kwa sababu hakuna jeshi la Kijerumani lililotia mguu humo.

Binti Mwanga (Kigoma)

Shikamooni wazee wangu. Mfano wa siafu ninauchukua kama ulivyo, na ninauongezea wa Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwaka 1978 na kulikalia eneo la kaskazini mwa mto, Watanzania waliita tendo lile uvamizi, na hadi leo anayesema "shambulio la Kagera" atasikika kama mgeni. Hata hivyo "vamia" ina pupa ndani yake ambayo "shambulia" haina: mtoto mwenye njaa huvamia chakula, na mtu asiyesomea kazi huambiwa amevamia fani. Kwa hiyo ughafla upo katika kitenzi hiki, ila unakuja pamoja na kuingia pasipo pako.

Neno ninalokuomba uliache, Mwalimu, ni hujuma. Kwa msomaji wa Tanzania linanuka siri. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, waliokamatwa hawakuwa watu wenye mishale. Walikuwa watu walioficha bidhaa ambazo wengine walizipangia foleni. Siku hizi tukisikia mtu "amehujumu miundombinu ya reli" tunamwona akifungua vyuma usiku bila taa. Ni madhara ya chinichini, yaani kinyume kabisa cha pigo la wazi unalolitafuta. Ukiandika kwamba Wajerumani waliihujumu London, wanafunzi watadhani ni habari za majasusi waliokata nyaya.

Mwana Ujiji (Kigoma)

Marahaba, mwanangu, lakini hapo kwenye hujuma nitakupinga. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, ambako *hujum* ni shambulio la wazi, na katika Kiswahili cha wazee kuhujumu ni kumwangukia adui kwa ghafla na kwa nguvu. Hayo mawili anayoyataka Mwalimu yamo humo kwa asili. Si haki neno liliwe na siasa za mwaka mmoja kisha sisi tulizike bila matanga.

Kuna na dhoruba. Huku ziwani upepo hubadilika wakati mitumbwi ya dagaa iko mbali na Kibirizi, na mvuvi hasemi ameshambuliwa na upepo, husema amepigwa na dhoruba. Neno hili lina undugu na dharuba, yaani pigo. Sisemi ndege zilileta dhoruba juu ya Kigoma, hayo ni ya washairi. Ninasema tu kwamba kitenzi tunachokikimbilia wenyewe ni "piga". Bibi yangu asingesema "Kigoma ilishambuliwa kutoka angani"; angesema Kigoma ilipigwa mabomu, na kila mtu angeinua macho juu.

Binti Mwanga (Kigoma)

Asili sikuikataa, baba. Ninachosema ni kwamba kijarida ni cha wanafunzi, na mwanafunzi hasomi akiwa na kamusi ya Kiarabu pembeni. Kama Mwalimu atalitumia hujuma, alitumie na neno la kulishika mkono, kwa mfano "hujuma ya kijeshi", ingawa hata hapo nitabaki na wasiwasi.

Kuhusu kushtukiza, nina angalizo dogo. Neno hili limechoshwa na ziara za kushtukiza za viongozi, ambazo sakafu huwa imedekiwa tangu alfajiri kuzisubiri. Bado ninaliona ndilo safi kuliko yote kwa ughafla, maana linamtazama aliyeshtuliwa. "Ghafla" hutaja wakati tu. "Kushtukiza" hutaja mtu ambaye hakujiandaa.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Hilo la mwisho limenifungua macho, na limenionyesha kwamba swali langu lenyewe lilikuwa na kasoro. London ilipigwa usiku 57 mfululizo, na kampeni yote ikaendelea hadi Mei 1941. Usiku wa kwanza ungeweza kuitwa wa kushtukiza, lakini usiku wa ishirini watu walikuwa wameshabeba mablanketi na kushuka katika vituo vya treni za chini ya ardhi kabla ving'ora havijalia. Ukali ulibaki, ughafla uliisha. Boma la Isike nalo halikushtukizwa, kwa kuwa Mtemi aliwajua adui zake tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa ninatafuta neno moja la kubeba vitu viwili, kumbe katika visa vyangu havikukaa pamoja kwa muda mrefu.

Nilifikiria pia "vita vya radi", kwa kufuata Kijerumani.

Karani Mstaafu (Isevya, Tabora)

Radi hupiga mara moja ikaondoka, Mwalimu. Jina hilo lingefaa zaidi kwa Poland ya Septemba 1939, ambako majeshi yalikwenda kwa kasi, kuliko kwa jiji lililopigwa kwa miezi minane. Isitoshe, hapa Unyamwezini ukitaja vita vya radi, kuna watakaouliza mganga ni nani.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Nimecheka peke yangu ofisini. Basi nimeandika hivi, nanyi mnisahihishe:

"Mwezi Januari 1893 Wajerumani walilivamia boma la Isike, baada ya kushindwa mwaka uliotangulia."

"Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilifanya shambulio la ghafla la kushtukiza na kuipiga Kigoma mabomu."

"Kuanzia Septemba 1940 London ilikabiliwa na mashambulizi ya mabomu ya usiku baada ya usiku."

Hujuma nimeiweka akiba kwa sura ya reli.

Mwana Ujiji (Kigoma)

Ya kwanza na ya tatu ninazipokea. Katika ya pili sema "shambulio la kwanza", maana ndege zile zilirudi zaidi ya mara moja, na waliorudiwa hawakuwa wameshtukizwa tena.

Binti Mwanga (Kigoma)

Na uondoe "ghafla". Kushtukiza kumeshalisema.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Nimeliondoa.