Picha ya nyumba inatoka nyeusi kwenye programu ya kuchora ramani, nifomati laptopu au kuna njia nyingine?

Mtoto wa Uyole:
Wakuu habari za jioni, poleni na baridi. Kuna programu ya kuchora nyumba nimejifunza mwenyewe tu, nimechora vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo, choo cha ndani, nikapanga mpaka makochi na mapazia, ukiiangalia kwenye skrini ni nyumba kabisa. Sasa nikiiambia itoe picha inahangaika weee, feni ya laptopu inalia kama fuso limebeba mbao linapanda Kitonga, halafu faili linatoka jeusi tii, siku nyingine faili lipo ila ni KB 0. Nimepata fundi pale Kabwe anasema windo imechoka dawa yake kufomati, nimeshampa advansi. Nifomati au? Naihitaji kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Ulanzi Mtamu:
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu. Mwenye karanga asogee.

Kenchi za Mafinga:
Kamwene. Mkuu achana na picha kwanza, paa umechora la aina gani? Nauliza kwa sababu mimi nauza mbao na vijana wote mnaokuja na ramani za kwenye kompyuta mnataka paa la kujificha. Kuna mteja wangu alijenga hivyo Tukuyu, Tukuyu jamani, kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, gata ikaziba na majani maji yakasimama nyuma ya ule ukuta wa juu, dari la sebule likashuka lote na wageni wamekaa. Chora mgongo wa tembo, mbao utapata bei nzuri kwangu.

Mtoto wa Uyole:
Mkuu paa ni la kawaida, bati za msauzi. Turudi kwenye picha tafadhali.

Pikseli Moja:
Usifomati kwanza. Una RAM ngapi, diski C ina nafasi kiasi gani, na picha umeweka saizi gani? Ukiweka ndogo, mfano 1920 kwa 1080, inatoka?

Mtoto wa Uyole:
RAM ni GB 4, nafasi ipo. Saizi nimeweka ya kawaida tu. Ila fundi kasema hizi windo zikikaa muda mrefu zinajaa takataka so nadhani tatizo ni hilo.

Mama Parachichi:
Mwanangu, fundi akisema kufomati muulize vitu vyako vinaenda wapi kwanza. Mimi nilimpa mmoja laptopu ilikuwa nzito tu kuwaka, nikamkuta kaifuta yote, picha za ubatizo wa mjukuu, hesabu za shamba za misimu yote, ananiambia "mama sasa hivi inakimbia". Inakimbia ikiwa imebeba nini? Vijana mnapenda kuanza upya kila kitu.

Pikseli Moja:
Kawaida ndio ngapi? Andika namba.

Mtoto wa Uyole:
20000 kwa 12000. Lakini sijajitungia, jamaa wa kuchapa ndo kasema bila pikseli 300 kwa kila inchi hachapi, na bango ni mita 2 kwa mita 1.2. Hapo nimepunguza, hesabu yake ilikuwa inafika 23,600 na kitu.

Ulanzi Mtamu:
😂😂😂 kawaida ya wapi mwaisa

Pikseli Moja:
Basi windo yako haina kosa. 20000 kwa 12000 ni pikseli milioni 240, kila pikseli inakula baiti 4, hiyo ni karibu GB 1 kwa picha peke yake kabla hujahesabu makochi, mapazia, taa na vivuli ambavyo programu inavishika kichwani wakati inarenda, yaani inatengeneza hiyo picha, na windo yenyewe inataka chakula chake kwenye hizo GB 4. Halafu kadi nyingi za picha mwisho wake ni pikseli 16384 kwa upande, za zamani 8192, ukipita hapo kuna programu inakuambia wazi na kuna inayokupa weusi ikakaa kimya. Ile 300 kwa inchi ni ya kitu unachoshika mkononi, kalenda au kadi. Bango watu wanaliangalia wakiwa wamesimama mbali, 75 inatosha kabisa, kwa hiyo weka 5900 kwa 3540. Hapo picha inabaki kama MB 84 kwenye RAM. Funga kivinjari na vitu vingine vyote, hifadhi kwenye folda ya kawaida yenye jina fupi, sio kwenye flashi moja kwa moja.

Baridi Kali:
Subirini kwanza. Nani anachapa bango la mita 2 la nyumba ya kuishi? Mabango ni ya apatimenti za biashara, kampeni na misiba. Na huyu huyu juzi juzi alikuwa na uzi anatafuta chumba cha kupanga Soweto. Hii chai wakuu, tena ya rangi.

Mtoto wa Uyole:
Kwani aliyepanga hajengi? Mnapenda kushambulia watu. Mimi nimeuliza kuhusu picha.

Kenchi za Mafinga:
Jibu tu mkuu, bango la nini? Na nyumba imefikia wapi, nikupigie hesabu ya kenchi?

Mtoto wa Uyole:
Iko kwenye msingi. Yaani msingi umechimbwa. Jumamosi napeleka posa Tukuyu na mshenga kanidokeza wazee wanataka kuona ninapokwenda kumweka binti yao. Sasa nitawaonyesha shimo? Kiwanja ni changu karatasi ninazo, tofali za kuchoma zipo. Bango nimeshalipia nusu kwa hiyo msiniambie niache, niambieni litoke vipi.

Mama Parachichi:
Ooh. Mwanangu, mimi ni mkwe wa watu na nina wakwe. Mzee wa kule ukimpelekea bango atauliza swali moja tu, nyumba iko upande gani wa barabara ili kesho apitie. Wapeleke wakaone hizo tofali.

Ulanzi Mtamu:
Mahari na yeye atoe kwenye programu. Ng'ombe warendiwe, wasitoke weusi tu.

Baridi Kali:
Bado ni chai, sema sasa imewekwa tangawizi. Atume picha ya huo msingi.

Mwana Rungwe:
Sio chai lazima. Mimi nimeona mtu kapeleka ramani ukweni, ya karatasi lakini, kagongewa na muhuri wa halmashauri kabisa. Wazee waliigeuza geuza wakauliza choo kiko wapi wakaikunja. Alioa.

Mtoto wa Uyole:
Pikseli Moja ubarikiwe, 5900 imetoka! Shida iliyobaki anga ni jeusi, nyumba inaonekana kama usiku umeme umekatika. Jamaa wa kuchapa anataka JPEG nikageuza ile PNG. Na kasema nimtumie WhatsApp.

Pikseli Moja:
PNG inaweza kubeba sehemu zisizo na rangi, zinapitisha mwanga kama kioo. JPEG haiwezi, kwa hiyo programu uliyogeuzia imejaza nyeusi pale palipokuwa wazi. Rudi kwenye mchoro uchague anga la bluu au picha ya mawingu ndo urende tena, au muulize kama mashine yake inapokea PNG. WhatsApp usitume kama picha, itapunguzwa ukubwa mpaka ishangae, tuma kama dokumenti. Ukiweza mpelekee kwa flashi.

Baridi Kali:
Jumatatu tunataka mrejesho, na picha ya bango likiwa limetundikwa kwa mkwe. Bila hivyo mods waufunge huu uzi.

Mtoto wa Uyole:
Yaani niko nimepiga goti kwa wazee halafu nitoe simu nipige picha ukuta? Mshenga mwenyewe atanikimbia.